Barua ya wazi kwa wanaosimamia sanaa za Watelugu: jina mmelisajili, fundi je?

Kwa Waheshimiwa Mawaziri na Makatibu wanaosimamia utamaduni, kazi za mikono na misitu,
Serikali za majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana,
India.

YAH: MAFUNDI NA WASANII WANAOACHWA BILA MITI, MAJI WALA MALIPO

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu na heshima zangu. Naandika kama mteja wenu, na pia kama mtu aliyeishi kwenu akala chumvi yenu. Nilisoma Hyderabad, na niliporudi Dar es Salaam niliachana na habari za kutafuta kazi ya ofisini nikafungua duka la vitambaa na ushonaji. Sehemu kubwa ya ninachouza inatoka kwenu: kalamkari (nguo ya kuchorwa au kupigwa chapa kwa mkono) ya Pedana na ya Srikalahasti, ikat (nguo ambayo nyuzi zake hutiwa rangi kabla ya kufumwa) ya Pochampally, na nikipata nafasi kwenye mzigo, midoli ya mbao ya Kondapalli, ambayo wateja wangu huwanunulia watoto kisha huwakataza kuichezea.

Malalamiko haya si mageni kwenu. Nimeyaleta kwa Kiingereza, kwa adabu, kupitia kila mlango nilioonyeshwa: duka lililoniuzia mzigo, ofisi inayolisimamia, na ofisi iliyo juu ya ofisi hiyo. Nilichoambulia ni namba ya kumbukumbu, na baada ya muda ujumbe kwamba lalamiko limefungwa. Limefungwa na nani, na kwa uamuzi gani, sikuambiwa. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Nakala ya Kitelugu itawafikia. Hii ya Kiswahili nimeiandika ili wanunuzi wa huku nao waisome, kwa kuwa fedha yao inaingia kwenye hesabu zenu za mauzo ya nje.

Na kabla hamjauliza huyu mgeni anatafuta nini: watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamevaa nguo za India tangu zama za majahazi, na hadi leo kanga nyingi zinazouzwa Kariakoo zimechapwa India. Kushika kitambaa cha kwenu na kukikagua hatujaanza jana.

Lalamiko langu kwa ufupi ni hili. India ina sheria ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2003, inayolinda bidhaa zinazojulikana kwa mahali zinakotoka. Chini ya sheria hiyo kazi nyingi za Watelugu, yaani wasemaji wa Kitelugu wa majimbo yenu, zimesajiliwa: ikat ya Pochampally, kalamkari ya Srikalahasti na ya Machilipatnam, midoli ya Kondapalli na ya Etikoppaka, vikaragosi vya ngozi vya Andhra, michoro ya Cheriyal. Hongereni kwa hilo. Lakini kilichosajiliwa ni jina. Mti, maji, ngozi, hadhira na ujira wa fundi, vitu ambavyo bila hivyo jina halina maana, vimeachwa vijitafutie. Nina mambo matano ya kuwaeleza, na la kwanza nitalikalia kidogo kwa sababu ndilo linalopita mikononi mwangu kila siku.

1. Kinachouzwa kwa jina la kalamkari si kalamkari

Kalamkari yenu iko ya namna mbili. Ya Srikalahasti huchorwa kwa mkono kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ya Pedana, karibu na bandari ya zamani ya Machilipatnam, hupigwa chapa kwa vibao vya mti wa msaji vilivyochongwa maua. Wareno, Waholanzi na Waingereza walivuka bahari kuifuata nguo ya pwani hiyo, kwa hiyo sifa yake haikuletwa na matangazo ya mtandaoni.

Nimekaa chini na fundi wa Srikalahasti nikamtazama. Kalamu yake ni kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha, kikazungushiwa sufu na kufungwa kwa uzi mpaka pakawa na kibonge cha ukubwa wa ndimu. Kibonge hicho huchovywa kwenye wino, na fundi akikiminya kwa vidole wino unateremka taratibu hadi nchani. Akiminya sana mstari unavimba, akilegeza unakata katikati ya jicho la mungu Krishna. Wino mweusi wenyewe ni chuma chakavu na sukari guru vilivyolowekwa majini siku nyingi mpaka vichachuke. Na kabla tone la kwanza halijagusa kitambaa, kitambaa kimeshachovywa kwenye maji ya tunda kavu la karakkaya yaliyochanganywa na maziwa ya nyati wa kufugwa, kwa kuwa mafuta ya maziwa huzuia wino kusambaa. Kitambaa kipya cha Srikalahasti kinanukia maziwa yaliyolala. Wateja wangu wageni hulalamika, wazoefu hununua kwa kunusa.

Kisha inakuja shabu, inayopakwa pale panapotakiwa kuwa pekundu. Kitambaa huachwa, hufuliwa, huchemshwa pamoja na mizizi na magome ya kutoa wekundu, hufuliwa tena, huanikwa, hurudishwa kwenye maziwa. Bluu ya nili na njano zina zamu zake. Na kule kufua si kuloweka kwenye beseni: lazima maji yawe yanakwenda, ili shabu iliyozidi ichukuliwe na mkondo isigande mahali pasipotakiwa. Ndiyo kazi iliyofanywa miaka yote kwenye mto Swarnamukhi, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka mchanga ni mwingi kuliko maji. Kitambaa kikubwa chenye hadithi ya Ramayana, utenzi mkubwa wa Kihindu, kinaweza kuchukua wiki nyingi mkononi mwa fundi.

Sasa nendeni kwenye maduka ya Hyderabad au Vijayawada mkaulize kalamkari. Mtaonyeshwa marobota na marobota. Maua ni yale yale, tausi ni wale wale, ila yamechapwa kwa skrini na rangi za kemikali, mita nyingi kwa muda anaotumia fundi kumaliza jani moja. Mzigo ulionifanya nianze kulalamika ulikuwa na kadi nzuri ya kamba, imeandikwa kwamba ni kazi ya mkono na rangi za mimea. Nilipoukunjua mezani na kugeuza, upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Nikapima kwa futi: ua lilijirudia kila baada ya urefu ule ule, bila kupinda hata uzi mmoja. Kazi ya kibao haiwi hivyo. Mkono huchoka, kibao huteleza kidogo, na rangi ya kweli hupenya mpaka nyuma.

Sina ugomvi na wachapaji wa skrini. Nao wana watoto, na wapo miongoni mwao waliokuwa mafundi wa vibao, wakahamia huko kwa sababu bei ya sokoni haikuwalisha. Wachape, wauze, nitawanunulia. Lakini wauze kwa jina lao. Sheria yenyewe inaweka kifungo na faini kwa anayetumia jina lililosajiliwa kwa udanganyifu. Niliomba niambiwe ni wangapi wamewahi kufikishwa mahakamani kwa ajili ya kalamkari. Swali hilo lilifungwa pamoja na lalamiko langu.

Wala msiseme kwamba kutenganisha kazi ya mkono na ya mashine haiwezekani kisheria. India ina sheria ya mwaka 1985 inayotenga aina fulani za nguo zifumwe kwa mitambo ya mkono tu, na aliye na mashine haruhusiwi kuzigusa. Kilichowezekana kwa mfumaji kinawezekana pia kwa mchoraji.

2. Kondapalli wana jina, mti haupo

Midoli ya Kondapalli hutengenezwa kwa mti mmoja, tella poniki, mwepesi na laini kiasi kwamba fundi huupasua kama anakata mkate. Mbao hukaushwa kwa moto mdogo mpaka unyevu uishe. Kila kiungo huchongwa peke yake, mkono, kichwa, mkonga wa tembo, kisha vyote huunganishwa kwa uji mzito wa unga wa kokwa za ukwaju na vumbi la mbao. Hapo ndipo inapoingia rangi, na wanawake ndio wengi kwenye brashi. Wanatoka tembo waliobeba viti vya kifalme, mikokoteni ya ng'ombe, mgema akiwa juu ya mti wake, na maumbo kumi ya mungu Vishnu yaliyopangwa mstari mmoja. Siku za sikukuu za Sankranti na Dasara familia huipanga midoli hiyo kwenye ngazi sebuleni na majirani huja kuitazama.

Mti huo unaota kwenye misitu mikavu ya vilima vya jirani, na misitu iko chini ya serikali. Umepungua. Fundi anaufuata mbali zaidi, anaulipia zaidi, na asipoupata anachonga mti mwingine ambao ni mzito, unapasuka na hauipokei ile gundi ya ukwaju vizuri. Mnunuzi anaona mdoli umeharibika baada ya msimu mmoja, anasema Kondapalli siku hizi hakuna kitu. Lawama inamwangukia fundi ambaye hana idara ya misitu.

Sisi Tanzania ugonjwa huu tunaujua. Wachongaji wa Kimakonde wamejenga jina duniani kwa mpingo, na mpingo unachukua miongo mingi kukomaa. Afadhali tella poniki, kwa sababu hauhitaji kusubiriwa hivyo. Kinachotakiwa ni mtu apande, alinde, na aandike ni nani anaruhusiwa kukata na kiasi gani.

Na mfano mnao wenyewe. Kule Etikoppaka, kando ya mto Varaha, mafundi hukereza mti wa ankudu na kuupaka lakri iliyotiwa rangi. C. V. Raju alitumia miaka kuzirudisha rangi za mbegu, mizizi na majani mahali pa zile za kemikali, na mwaka 2023 akapewa nishani ya Padma Shri. Tarehe 26 Januari 2025, Siku ya Jamhuri, gari la maonyesho la Andhra Pradesh lilipita Delhi likiwa limebeba midoli mikubwa ya Etikoppaka. Lilipendeza, nami nililitazama kwenye simu nikaona fahari kana kwamba ni la kwetu. Lakini nina swali moja. Mwaka ule ule ilipandwa miche mingapi ya ankudu, na nani anaimwagilia?

3. Vikaragosi vinageuka vivuli vya taa

Nimmalakunta ni kijiji karibu na Dharmavaram, kwenye wilaya iliyokuwa Anantapur kabla hamjagawa wilaya upya mwaka 2022. Humo wanaishi wacheza tholu bommalata, mchezo wa vikaragosi vya ngozi. Ngozi ya mbuzi hukwanguliwa mpaka mwanga upite, hukatwa, hupakwa rangi pande zote mbili, kisha hutobolewa vitundu vidogo vidogo mahali penye mikufu na mataji. Kikaragosi kikiwekwa nyuma ya pazia jeupe na taa ikawa nyuma yake, vile vitundu ndivyo vinavyometa kama dhahabu. Vingine vinakaribia urefu wa mtu mzima. Mikono na shingo zimefungwa kwa nyuzi ili vicheze, na vita ya Rama na Ravana ya kwenye Ramayana ikifika, wachezaji hukanyaga mbao chini kwa miguu mpaka watoto wanaolala mbele wanaamka. Katikati ya msiba wa Sita, mke wa Rama, hutokea Bangarakka na mumewe wakigombana kwa matusi ya kijijini, na watu wazima ndio wanaocheka zaidi.

Mchezo huo ni wa usiku kucha. Unataka familia nzima: wa kuimba, wa kupiga ngoma, wa kushika wahusika wawili kwa wakati mmoja huku akisema kwa sauti mbili tofauti. Lakini leo anayekwenda Nimmalakunta hatauziwa usiku. Atauziwa taa ya mezani yenye kivuli cha ngozi, picha ya ukutani na kizuizi cha mlangoni. Vizuri, vinalipa, nami nimeviuza. Dalavai Chalapathi Rao wa kijiji hicho alipewa Padma Shri mwaka 2020, na hakuna asiyejua kwamba alistahili. Ila tazameni kinachotokea: mwanawe fundi anajua kukata ngozi na hajui nyimbo. Kwenye makaratasi yenu sanaa iko hai, kwa sababu ngozi bado zinauzwa. Kile kilichokuwa kinafanywa na hizo ngozi ndicho kinachokufa, na hakina mstari kwenye ripoti.

4. Waimbaji na wasimulizi wanakumbukwa siku ya nishani

Hapa nawageukia zaidi wa Telangana. Michoro ya Cheriyal ilikuwa filamu ya kijiji kabla ya filamu. Kitambaa kirefu kilichokandikwa wanga wa mchele, udongo mweupe na gundi ya kokwa za ukwaju kilichorwa tukio baada ya tukio, mandhari ya nyuma ikiwa nyekundu, na msimulizi alikikunjua huku akiimba. Kila jamii ilikuwa na hadithi yake na wasimulizi wake. Wafumaji wa Padmashali walisimuliwa habari za Markandeya, wafua nguo na wagema walikuwa na zao. Wachoraji wapo bado, wachache, na mnawapeleka kwenye maonyesho. Msimulizi hapelekwi popote. Mchoro umekatwa vipande vya kutosha fremu, tukio moja moja, na mnunuzi hajui kilichotangulia wala kilichofuata.

Na kuna kisa ambacho kila mtu kwenu anakijua. Darshanam Mogulaiah, mpiga kinnera, ala ya nyuzi yenye hatua kumi na mbili, alipewa Padma Shri mwaka 2022. Mwaka 2024 vyombo vya habari vya India vilionyesha picha zake akifanya kibarua kwenye jengo nje kidogo ya Hyderabad, akieleza kwamba posho yake ya rupia 10,000 kwa mwezi ilikuwa imesimama. Sitaongeza neno. Naomba tu mjiulize: kama mwenye nishani ya taifa alifika hapo, wale wasimulizi wa Oggu Katha wanaoimba habari za mungu Mallanna, na wale waigizaji wa Chindu Yakshaganam, ambao hakuna mpiga picha anayewafuata, wako wapi?

5. Kuchipudi na wanawake waliofutwa

Hili nitalipitia kwa haraka, si kwa sababu ni dogo, bali wapo wenyeji wanaolisema vizuri kuliko mimi. Ngoma ya Kuchipudi imekuwa sura ya Andhra duniani. Katika kijiji chake ilichezwa kwa vizazi na wanaume wa familia za Kibrahmani, wakivaa hata nafasi za wanawake. Vedantam Satyanarayana Sarma, aliyefariki mwaka 2012, alikuwa Satyabhama, mke wa Krishna, ambaye wanawake walimwonea wivu. Vempati Chinna Satyam akaipeleka Madras (sasa Chennai) na kuifungulia mlango, wasichana wakaingia. Yote hayo mnayasherehekea, na ni haki yenu.

Lakini wanawake wa jamii ya Kalavantulu walicheza na kuimba kwenye mahekalu na mabaraza ya Watelugu karne hizo hizo. Sheria ya Madras ya mwaka 1947 ilipiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu kwa mahekalu, na lengo la kuwalinda wasichana silipingi hata kidogo. Kilichofuata ndicho ninachokilalamikia: sanaa yao ilitupwa pamoja na unyanyasaji wao, na kwenye vitabu vyenu vya kukaribisha watalii hawamo. Mnaposema “ngoma ya Watelugu” mnataja nyumba moja mnaruka ya pili.

Najua mtakachosema

Mtasema haya ni ya serikali kuu ya Delhi. Mengine ni kweli. Delhi ndiyo iliyoivunja Bodi ya Kazi za Mikono ya India Nzima mwaka 2020, bodi iliyokuwepo tangu mwaka 1952, na mafundi wakapoteza meza waliyokuwa wanakaa na wakubwa. Lakini idara za misitu zinazosimamia vile vilima ni zenu. Mito ni yenu. Shule, mahekalu yaliyo chini ya idara zenu, na sherehe za majimbo ni zenu. Na tafadhali msitupiane mpira ninyi kwa ninyi. Mmegawana majimbo tangu tarehe 2 Juni 2014. Nimechoka kuambiwa kwamba faili lilibaki upande wa pili.

Mtasema mnunuzi anataka cha bei rahisi. Mimi ndiye mnunuzi. Wapo wanaotaka rahisi, nami nawauzia rahisi. Wapo wanaolipa mara kumi kwa kazi ya kalamu, wakiamini kadi iliyoning'inizwa. Hao wa pili mnawapoteza. Mteja aliyedanganywa mara moja hamlaumu mchapaji wa skrini, anasema kalamkari ni utapeli, na fundi wa Srikalahasti anakosa soko kwa kosa ambalo hakulitenda.

Mtasema vijana hawataki kazi za wazee wao. Kijana wa Nimmalakunta anayekata taa za mezani anafanya kazi ya mzee wake, tena mpaka usiku, kwa sababu kuna anayelipa. Akipata anayelipa kwa mchezo, ataimba. Sioni fumbo hapo.

Mtasema pia mmetoa mafunzo, nishani, vibanda kwenye maonyesho. Ni kweli mmetoa, na vibanda hivyo ndivyo vilivyonikutanisha na mafundi wengi ninaofanya nao biashara leo. Ila kibanda cha wiki moja hakimpi fundi gogo la tella poniki mwezi unaofuata.

Jambo moja nimeliacha nje ya orodha kwa makusudi. Mji mkuu mpya wa Andhra Pradesh mmeuita Amaravati, jina la mahali palipokuwa na stupa (jengo la ibada lenye umbo la kilima) kubwa ya Kibuddha. Mawe yake yaliyochongwa yalichimbwa na Walter Elliot mwaka 1845, yakapelekwa London mwaka 1859, na zaidi ya mia moja yako kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza hadi sasa; mengine mengi yako Chennai. Hilo linataka barua yake, na wa kuandikiwa si ninyi peke yenu. Nimelitaja kwa sababu hata hapo jina liko kwenu na kazi yenyewe iko kwingine.

Ninachoomba

Kwanza, kila kitambaa kinachouzwa kwa jina la kalamkari kiwe na alama inayosema wazi kimechorwa kwa kalamu, kimepigwa kwa kibao au kimechapwa kwa skrini, na rangi ni ya mimea au ya kemikali. Maduka yanayopata fedha za serikali yaanze, kisha mengine yafuate. Na aliyedanganya ashtakiwe, hata mmoja tu, hukumu itangazwe.

Pili, vyama vya mafundi wa Kondapalli na Etikoppaka vipewe maeneo ya kupanda tella poniki na ankudu, na vibali vya kuvuna vinavyotolewa kwao moja kwa moja bila dalali. Idadi ya miche iliyopandwa na iliyoishi itangazwe kila mwaka. Nasisitiza iliyoishi.

Tatu, Srikalahasti na Pedana pajengwe mahali pa kufulia penye maji yanayotiririka na yanayosafishwa kabla ya kurudi mtoni au mferejini. Kwa fundi hicho ni kifaa cha kazi sawa na kalamu yake.

Nne, lipieni mchezo wenyewe. Shule za serikali na sherehe za mahekalu ziwe na ratiba ya tholu bommalata, Oggu Katha, Chindu Yakshaganam na usimulizi wa Cheriyal wenye mchoro mzima, kwa ujira uliopangwa na kutangazwa. Posho za wasanii wazee zilipwe tarehe inayojulikana, kama mishahara yenu inavyolipwa. Na usiku mzima wa mchezo urekodiwe, nyimbo na matusi ya Bangarakka yakiwemo, wakati wazee wanaozijua wangalipo. Nyimbo na miondoko ya Kalavantulu iingizwe humo humo, kwa idhini ya familia zao na kwa majina yao wanaotaka kutajwa.

Tano, nijibiwe kwa maandishi, mkitaja nani atafanya nini na lini. Jibu la “tumelipokea” ninalo tayari.

Msimu ujao nitakuja kununua mzigo. Nitaanzia Pedana, nitashuka Srikalahasti, kisha nitapanda Nimmalakunta. Dukani kwangu, kuanzia sasa, vitambaa vya skrini vinakaa rafu yake na bei yake, na kadi zilizoandikwa uongo nimezitoa. Wenzangu kadhaa wa Kariakoo na Mombasa wamekubali kufanya hivyo hivyo. Tutafurahi kuona maduka ya Hyderabad na Vijayawada yakifanya hivyo pia.

Wenu kwa heshima,

Fundi cherehani na muuza vitambaa,
Dar es Salaam, Tanzania.

Nakala:
Wizara ya Nguo, New Delhi.
Vyama vya ushirika vya mafundi wa Srikalahasti, Pedana, Kondapalli na Etikoppaka.
Wacheza tholu bommalata wa Nimmalakunta.
Wafanyabiashara wa vitambaa, Kariakoo na Mombasa.